Shokomzoba Kama za Thuranira

Jirani yangu Thuranira, Baba Mukiri, alipoishusha gari yake karibu na ardhi kwa springi fupi, hata mke wangu Winrose aligeuza shingo. Roho iliniuma, nami nikaishusha yangu. Shokomzoba zilipokufa, fundi wa Mitunguu alinishauri, "Bosi, wewe unabeba ndizi. Turudishe springi ndefu na shokomzoba ndefu."

"Thuranira ulimfungia gani?"

"Fupi, ngumu. Lakini yeye sasa—"

"Nifungie hizo hizo!"

Siku ya soko Winrose alipakia mikungu yake. Kwenye tuta la kwanza tumbo la gari lilikwaruza, tukakwama. Thuranira akatokea nyuma, gari yake imeinuliwa tena kama zamani, akalivuka tuta bila shida.

Winrose akashuka na ndizi zake. "Baba Mukiri, ningoje!"

Hata mlango hakufunga.