Samaki wa Kwanza wa Boti za Nyota

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa cha Zubeir hakikuwa cha kwanza. Mji mzima wa Rumonge, kando ya ziwa, ulikwisha kusikia kwamba anaandika historia ya Nyota, zile boti za uvuvi za mbao zenye moteri zilizofika hadi Kabonga mpakani, na kwamba mwanzilishi wake si mwingine ila babu yake, marehemu Zakaria. Nyota ya mwisho ilikuwa imetengenezwa upya. Jumamosi ingerudi ziwani, naye angesimama ufukweni awasomee watu alichoandika.

Kilichobaki ni kutia chumvi tu, alijiambia, akaenda kwa Mama Eliana, aliyerudi kutoka uhamishoni Tanzania. Utotoni alikaa jirani na karakana ya boti hizo.

"Amahoro, mama. Unielezee namna babu alianza kutengeneza Nyota."

Mama Eliana aliendelea kupepeta mchele. "Zakaria alikuwa mutu wa moteri. Bato zenyewe ni baba yangu, Leonidasi, alikuwa anazitengeneza. Hata jina ni yeye aliitoa. Wakati tulikimbia, alimuachia Zakaria ufunguo ya karakana amuchungie. Baba alikufia kule kambini."

"Na mbona hukusema, mama?"

"Hakuna mutu aliniuliza."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Zubeir maini. Alitaka kubisha, ila akakumbuka samaki. Kwa desturi yao, boti ikishushwa majini, hata baada ya matengenezo, samaki wake wa kwanza ni wa nyumba ya aliyeitengeneza. Mukeke, wale samaki watamu wa ziwani, waliletwa kwao kutoka kila Nyota. Watoto walikula wakalamba vidole, lakini babu hakugusa hata mmoja. Alisema tumbo linamkataza. Kumbe tumbo lilisingiziwa bure. Zubeir aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana alikuwa amezunguka mji mzima akijigamba kwa jasho la mtu mwingine.

Jumamosi Nyota ilishushwa ziwani, ikarudi na samaki. Amissi, mwenye boti, akamletea Zubeir beseni la samaki mbele ya umati, na wanawake wakapiga vigelegele. Angeweza kupokea na kunyamaza, kama babu. Karatasi yake aliiacha mfukoni.

"Nyota ni za Leonidasi," alisema. "Babu aliachiwa azichunge, sisi tukajisahau."

Vigelegele vikakatika. Shangazi yake Salima akajifunika uso kwa kitenge. Zubeir akalipeleka beseni kwa Mama Eliana, akaliweka miguuni pake. Mama akawagawa samaki taratibu, nusu akamrudishia.

"Hii ni yenu. Bila moteri ya Zakaria, bato ya baba ingetembea na kasia. Murakoze, asante sana."

Afadhali angempiga kofi. Zubeir alipita sokoni na samaki wake akitazama chini.

Nyumbani waliwakaanga. Alikula akiwa ameinamisha uso kwa aibu, huku akimwonea babu huruma. Nusu hii ilikuwa halali ya babu siku zote, laiti angesema ukweli tu.