Kidonda cha Korosho

Mtu wa Mpapura humfundishi kidonda cha korosho. Sisi tumeungua midomo hata kabla hatujaota magego. Ganda la korosho lina mafuta makali. Ukilibangua kwa meno kabla halijaiva motoni, yanakuchubua ulimi, ngozi inakuwa nyeupe na kubanduka. Na anayebangua korosho mbichi kwa meno ni nani, kama si mwizi? Mwenye mali yake hukaa kitako, akachoma, akabangua kwa jiwe, hana haraka. Kwa hiyo msimu ukifika na kitu kikapotea, watu huambiana, "Fungua kinywa tuone." Ukikutwa na kidonda, basi, kesi imekwisha.

Ndivyo alivyohukumiwa mdogo wangu Somoe.

Mimi nilikuwa nimeolewa Likombe, yeye Mpapura, kwa Hamisi, wakikaa ua mmoja na mama yake Hamisi. Mwaka ule korosho walizoweka za kupeleka ushirika zilipungua kwenye gunia. Mama Hamisi akawapanga wanawake wote wa ua ule, akawafunua vinywa mmoja mmoja, mchana kweupe, majirani wakitazama. Somoe akakutwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, cheupe, kimechubuka.

"Haya, panya wetu huyu hapa," mama mkwe akasema, na watu wakacheka.

Somoe aliapa kwa Mungu kuwa hakugusa gunia la mtu. Nani amsikilize? Hamisi naye, mwanamume mzima na ndevu zake, akafyata ulimi mbele ya mama yake. Basi ikawa utani wa msimu mzima. Akienda kisimani, "Somoe, imeiva?" Akienda kwenye ngoma, "Somoe, tubangulie." Akaacha kucheka mbele za watu. Hata kula, akawa anakula kajifunika mdomo kwa pembe ya kanga, na ulimi wake hakumwonyesha mtu tena.

Mimi hayo sikuyajua, la sivyo Mpapura wangenisikia. Nilikuja kumwona Idi ya kuchinja, alipokuja kwangu. Mikorosho ilikuwa imekwisha kuzaa zamani, mvua zimeshika, watu wako kwenye palizi ya mihogo. Nikampakulia wali na nyama ya nundu, maana ndiyo aliyokuwa akiipenda. Akawa anaipeleka upande mmoja tu wa kinywa, anameza bila kutafuna, na akisema maneno yanatoka mazito, kama mtu aliyebeba uji wa moto mdomoni.

"Una nini wewe?"

"Korosho, dada."

"Korosho gani saa hizi?"

Akainama. Kidonda cha korosho mimi nakijua: siku za mwanzo kinakuliza, na mwezi mpya ukiandama umeshakisahau. Nikamwambia, "Fungua kinywa nione."

Akaanza kulia. "Na wewe pia, dada?"

Nikaduwaa. Ndipo akanisimulia habari ya gunia na ya kufunuliwa kinywa, na mimi nikamsikiliza. Alipomaliza akafungua mwenyewe. Hakikuwa kidonda cha korosho kile. Katikati kilikuwa kimechimbika, kingo zimeinuka, wekundu na weupe vimechanganyika, na kilikuwa na harufu. Nikamuuliza kama kinauma. Akasema siku hizi ndiyo, mpaka sikioni, lakini hapo kwanza hakikuwa kikiuma hata kidogo. Nikaogopa sana.

Kulipopambazuka nikampeleka zahanati. Mganga pale alikuwa Filipo, kijana Mkristo wa kutoka Songea, mpole, si mtu wa maneno mengi. Alimkalisha Somoe akielekea dirishani, akamwomba ruhusa kwanza. Akaishika ncha ya ulimi kwa kitambaa, akauvuta pembeni taratibu, akatazama ubavuni, akatazama na chini yake. Akabonyeza kingo za kidonda kwa kidole. Kisha akampapasa chini ya taya na shingoni, na hapo kidole chake kikakawia.

"Hili gego lililo karibu na kidonda lilivunjika lini?"

"Zamani. Lina ncha, linanikwaruza."

"Na tumbaku unatumia?"

Somoe akanitazama kwa aibu. "Naiweka hapohapo, daktari. Inatuliza jino."

Filipo akanawa mikono, akakaa. "Kidonda cha kuungua huuma sana na kupona upesi," akasema. "Kidonda kisichouma mwanzoni, kikawa kigumu kingoni, msimu ukaisha kisipone, hicho ni kitu kingine. Hii nadhani ni saratani, mama. Nitawaandikia mwende hospitali ya mjini, leo hii."

Nikamuuliza, kingeletwa kilipoanza? Akatazama chini kwanza. "Kilipokuwa kidogo, huenda wangekikata chote. Sasa kimeshateremka shingoni."

Somoe yeye alikuwa amemkazia macho yule kijana.

"Kwa hiyo, daktari, si cha korosho?"

"Si cha korosho kabisa."

Akanigeukia, na kanga ikamponyoka mdomoni. Alikuwa anatabasamu. "Umesikia, dada? Si cha korosho. Nenda ukawaambie."

Jamani. Mtu anapewa habari ya kifo chake, naye anafurahi kwa kuwa ametoka kwenye wizi. Sijapata kuumia maishani mwangu kama nilivyoumia kwenye benchi lile.

Hospitalini wakasema yaleyale, na kwamba kisu hakitafaa kitu tena. Wakampa dawa za maumivu. Nikakaa naye kwangu Likombe, nikimnywesha uji wa muhogo mwepesi kwa kijiko. Na Mpapura nilikwenda, kama alivyonituma. Nilisimama kisimani, palepale walipokuwa wakimtania, nikawaambia wote ugonjwa wake unaitwaje. Mama Hamisi alikuwepo na ndoo yake. Akajitwika, akaondoka.

Alikuja baada ya siku kadhaa. Alipomwona Somoe alivyokonda, shavu limevimba, udenda unamtoka, akakaa kwenye mkeka.

"Mwanangu, nimekukosea. Niwie radhi, duniani na akhera."

Kwetu radhi haitolewi kimoyomoyo, hutamkwa, watu wakasikia. Somoe akajaribu. Ulimi ulikuwa umeshakufa, ikatoka sauti tu. Akajaribu tena, machozi yakamtiririka. Mama Hamisi akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye dada yake, mama. Mtamkie."

Nikamtazama Somoe, nikiomba moyoni akatae. Akanishika mkono, akatikisa kichwa kukubali. Basi ningefanyaje? Nikasema, "Somoe amekuwia radhi, duniani na akhera." Yule bibi akalia mpaka nikamletea maji.

Somoe alifariki mvua za masika hazijakatika. Msibani wakawepo waliosema, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua." Nikawafukuza uwanjani kwangu, wazee kwa vijana. Mdogo wangu hakuficha maradhi. Alificha aibu waliyombandika wao.

Mama Hamisi bado yu hai. Kila Idi hupanda lori akaja Likombe kunijulia hali, na uzee wake ule. Namwamkia, namtandikia mkeka, nampakulia wali na nyama, tunakula pamoja. Akiaga hunishika mkono, akaniuliza polepole, "Na wewe je, mwanangu?" Namsindikiza hadi barabarani, nambebea na kikapu chake. Ile niliyompa ilikuwa radhi ya Somoe, nami nilitumwa tu. Yangu bado ninayo.