Kifuniko cha Mtu Mmoja

Nilimkuta mke wangu amepiga magoti sebuleni, analikata boksi la friji kwa kisu cha mkate. Vipande vilikuwa vimetapakaa hadi chini ya meza, na mbwa alikuwa ameshajilaza juu ya kimoja. Ardith hakuinua kichwa. Alikuwa ameuma penseli, na shingoni amejitundikia futikamba yangu, ile ambayo kwa miaka arobaini na sita hakuna aliyeigusa bila kuniomba.

"Hicho ni nini?" nilimuuliza.

"Kifuniko chako cha pikapu," alisema bila kuitoa penseli. "Nataka kukiona kabla hatujakinunua."

Nilicheka, na sikucheka kwa wema. Maisha yangu yote nimevuta vitu: ng'ombe, mitumba ya nyasi, matrekta mabovu, na tangu nistaafu, trela yetu ya kulala yenye futi thelathini na moja, ambayo shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kukalia kiti cha chuma kilichofungwa kwa bolti katikati ya bodi. Kiti hicho watu wa kwetu hukiita gurudumu la tano, ingawa hakizunguki wala hakina tairi. Mtu aliyewahi kurudisha nyuma mzigo wa namna hiyo juu ya barafu, tena gizani, hafundishwi kuchagua kifuniko kwa boksi la friji. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Ila mwezi Januari daktari wa macho mjini Billings alikuwa amenikata maini. Ninaona pembeni tu. Katikati, pale panapotakiwa kuwa na uso wa mtu au barabara, pana moshi. Aliniambia nisishike tena usukani, kisha akaniandikia na barua, nisije nikajifanya sikusikia.

Hapo ndipo mimi na Ardith tulipopatana. Kila mwaka tunatunza kambi moja ya wageni kando ya ziwa, kaskazini mwa Montana. Tunaishi ndani ya trela kuanzia Mei hadi majani yanapogeuka rangi. Kama yeye angeweza kuifunga trela kwenye pikapu, kuifungua na kuifunika bodi, na kuuvuta mzigo wote, peke yake, basi tungekwenda. Angeshindwa, trela ingechukuliwa na binamu yangu Orlan wa Glendive, nasi tungebaki nyumbani Miles City tukichungulia madirishani nani kapita na nani kakohoa. Nilikubali haraka mno. Sikumwambia kwamba upande mmoja wa moyo wangu ulitaka ashindwe. Niliona afadhali trela iuzwe kuliko mimi kukaa ndani ya pikapu yangu mwenyewe kama gunia la viazi.

Kifuniko ndicho kilichokuwa kimebaki. Mwaka uliotangulia mvua ya mawe ilituharibia jenereta, zana na mifuko yote ya chakula cha mbwa, na kwa bega la Ardith lililopasuliwa, habari ya kushusha na kupandisha vitu kila jioni ilikuwa imekwisha. Vitu vingekaa bodini, chini ya kifuniko. Mimi nilikuwa nimeshachagua changu: paneli nne za alumini zinazokunjwa moja juu ya nyingine, nzito, zenye kufuli. Ukizigonga zinakujibu kama mlango wa benki.

Jumamosi ya mwisho ya Machi tulikwenda kwa Renata Ochoa, mwanamke anayeuza na kufunga vifaa vya pikapu pembezoni mwa mji, na ambaye trela yetu hulala uani kwake majira yote ya baridi. Upepo ulikuwa wa kuvua watu kofia. Ardith aliendesha, boksi lake limefungwa kamba nyuma yetu, likipiga kelele njia nzima.

"Mzee Verlin!" Renata alitupokea mlangoni. "Umefuata chuma chako?"

"Kama hujamuuzia mtu mwingine."

"Nani mwingine atakitaka? Kile kinanyanyuliwa na watu wawili na nusu. Wewe mzee unavyopenda chuma, sijui ilikuwaje ukaoa mtu."

"Hata mimi sijui," alisema Ardith, akapita moja kwa moja hadi mwisho wa duka.

Renata alituonyesha vifuniko vitatu. Kwanza kile changu cha paneli. Kisha kimoja kinachoteleza na kujificha ndani ya sanduku refu. Mwisho turubai nene, jeusi, linalokunjwa kama mkeka. Mimi nilisifu bawaba, nikagonga, nikauliza kinabeba kilo ngapi theluji ikikilalia. Ardith aliniacha nimalize. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kikifunguka, kinakwenda wapi?"

Renata alipiga makofi. "Mama, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa katika duka hili. Wanaume huniuliza kama mtu anaweza kusimama juu yake. Hilo la kwako sijawahi kuulizwa."

Ukiwa unavuta trela ya shingo, alitueleza, kifuniko hakina budi kuwa wazi, maana shingo ya trela inataka nafasi yake. Paneli zangu zingekunjwa na kusimama wima nyuma ya kioo cha kabini, au zingetolewa kabisa na kuachwa nyumbani. Sanduku la kile cha pili lingekaa mbele ya bodi siku zote, na bodi yetu ni fupi, kwa hiyo jenereta lingekosa pa kukaa. Turubai lingeviringishwa hadi mwisho na kufungwa kwa mikanda miwili, na mviringo wake usingepanda juu ya ukingo wa bodi zaidi ya inchi nne.

"Turubai ni la mtu aliyekata tamaa," nilisema. "Mwizi ana kisu."

"Mwizi gani yuko kule ziwani?" Ardith aliuliza. "Kindi?"

"Nimepima mwenyewe, mwezi Oktoba, macho yakiwa bado macho. Paneli zikisimama, kutoka hapo hadi kwenye pua ya trela zinabaki inchi kumi na moja. Inchi kumi na moja, Ardith!"

"Ulipima trela ikiwa vipi?"

"Ikiwa nyuma ya pikapu. Ulitaka iwe juu ya mti?"

"Imenyooka?"

"Imenyooka."

"Haya," alisema mke wangu. "Twende tukaione ikipinda."

Lazima niseme kwamba kwetu mtu anayefunga trela hasemeshwi. Awe mkeo, awe mkuu wa polisi, unamwacha mpaka amalize, kwa sababu neno moja humrusha hatua moja, na hatua moja huangusha trela nzima juu ya bodi. Niliwahi kumfokea mchungaji wetu kwa kunitakia asubuhi njema. Basi tulisimama kando ya ua, Renata na mimi, na Ardith akapanda.

Alishusha mlango wa nyuma wa bodi. Akarudi nyuma polepole, akasimama, akashuka kutazama kimo cha pini, ule mche wa chuma ulio chini ya shingo ya trela, akapanda tena. Nilisikia chuma na chuma vikikutana. Taya za kile kiti zikiuma pini sawasawa hutoa mlio mmoja mzito, na mlio huo naujua kuliko sauti ya kengele ya kanisa letu. Hii ilikuwa milio miwili, wa pili mwepesi. Pini ilikuwa imekaa juujuu.

Nilifungua mdomo. Renata akanishika mkono.

Kama Ardith angeinua ile miguu ya chuma ambayo trela huisimamia ikiwa haijafungwa, tani tano zingeshuka juu ya pikapu, na kiangazi chetu kingeishia pale pale uani. Niliapa moyoni kwamba akigusa swichi ya miguu nitapiga ukelele, mila isimame kando. Nilimsikia akichomeka waya wa breki. Nilizisikia buti zake kwenye kokoto, zikienda ubavuni mwa trela, kwenye swichi hasa. Zikasimama. Kisha buti zikageuka, zikarudi kwenye kabini.

Alikuwa akilikagua tairi tu. Aliishika breki ya trela kwa mkono, akaingiza gia, akavuta kidogo kuijaribu pini, kama inavyotakiwa kufanywa na kama watu wengi wasivyofanya. Pini ikachomoka. Trela ikabaki imesimama kwa miguu yake, salama salimini.

"Hapana," Ardith alijiambia. Akaishusha trela inchi moja, akarudi nyuma upya, na mlio ukawa mmoja, mzito. Akavuta. Safari hii kila kitu kilishikana.

Nilimwonea mke wangu fahari. Na katika pumzi ile ile niliona uchungu, maana hakuwa amenihitaji hata kwa neno moja.

Lile boksi la friji alikuwa amelikata kwa vipimo vya paneli zangu zilizokunjwa, akalisimamisha nyuma ya kioo cha kabini na kulikaza kwa kamba. Sasa akapinda usukani wote, kama mtu anayeingia kituo cha mafuta chenye nafasi ya kubana. Mimi sikuweza kuona. Nilisikia tairi zikisaga kokoto, kisha boksi likapasuka, kraa, na Renata akapaza sauti, "Simama, mama! Simama hapo hapo!"

Ardith alishuka na kuniletea boksi lenyewe mikononi. Nilipapasa kwa vidole mpaka nikafika pale kona ya trela ilipopenya. Tundu lilikuwa linaingiza ngumi yangu nzima.

"Kingekuwa kioo," nilisema.

"Kioo tu?" Renata alidakia. "Na kisogo cha mzee wetu je?"

"Leta turubai," nikamwambia.

Ardith aliifungua trela, na Renata akaifanya kazi ile kwa muda usiozidi saa moja, spana moja na wimbo mmoja uliokuwa ukijirudia. Kisha Ardith akajifunza: anafyatua vishikio viwili, anaviringisha, anafunga mikanda, na mkono wa bega bovu haupandi hata siku moja juu ya kifua. Alirudia mara nne. Mara ya nne nilihesabu kimoyomoyo na sikufika thelathini. Ningetaka kupata kasoro, na nilikuwa naitafuta kweli, lakini haikuwepo.

Renata alipoingia ndani kutuletea kahawa, Ardith alisimama karibu yangu, mgongo wake ukiukinga upepo.

"Ulijua kile cha alumini ni kizito."

"Nilijua."

"Ulijua siwezi kukinyanyua peke yangu."

"Nilijua."

"Sasa?"

Mtu akishapoteza macho hupata taabu kukwepa swali, kwa sababu hana pa kujifanya anatazama. "Ndiyo maana nilikipenda," nilisema. "Kingetaka watu wawili."

Turubai jipya lilikuwa likitetema kidogo ukingoni, kisha likatulia.

"Verlin," alisema, "mimi sikutafuta kifuniko cha mtu mmoja ili niende peke yangu. Unanisikia, mzee wangu?"

"Nakusikia."

Tulikunywa kahawa wima. Renata alisema atampigia Orlan yeye mwenyewe, amwambie akanunue trela ya watu wengine, na alilisema hilo kwa raha kupita kiasi. Ardith alitaka kuirudisha trela nyumbani siku ile ile, kwa barabara ya nyuma, akaizoee ile kona ya darajani kabla ya Mei. Akaliviringisha turubai, akaifunga trela upya, tukaagana. Nilifunga vifungo vya koti hadi shingoni na kwenda kupanda.

Miguu ina kumbukumbu zake. Nilipozinduka, mkono wangu ulikuwa umeshaufungua mlango wa dereva, na buti langu la kushoto liko juu ya ngazi. Nyuma yangu nilisikia funguo zikigongana mkononi mwa Ardith, kisha zikaacha.

Niliushusha mguu chini. Nikajisogeza kando, mlango nimeushika usibamizwe na upepo.

"Nakufungulia," nilisema.

"Miaka arobaini na sita," alijibu Ardith, na sauti yake haikuwa imetulia vizuri, "hujawahi kunifungulia mlango wa gari."

"Panda basi, baridi inaingia."

Alipanda. Nilimsikia akivuta kiti mbele, maana miguu yake ni mifupi kuliko yangu, kisha akageuza vioo vya pembeni, kimoja, na kingine. Niliusukuma mlango mpaka ukashika. Halafu nikaanza kuzunguka kwa mbele, kiganja changu juu ya boneti, nikiutafuta mlango wa upande wa pili.