Kidole cha Muoki

Mtaa mzima wa Mbotela, Nairobi, ulijua kwa nini Muoki alifukuzwa chuo kikuu. Siku wenzake walipoamriwa kuinua kidole kimoja, saluti ya chama kilichotawala, yeye alitia mkono mfukoni. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, vyama vingi vimeruhusiwa, na Muoki alitaka udiwani kwa tiketi ya upinzani. Karatasi zake za kugombea zilipaswa kufika ukumbi wa uteuzi kabla ya saa saba mchana. Zikichelewa, mpinzani wake angepita bila kupigiwa kura hata moja.

Vijana wa chama tawala walikuwa wameziba kila njia. Lakini dada yake Mwongeli, aliyeuza mboga pale kona, alikuwa amewatazama tangu asubuhi.

"Wanatafuta suti," akamwambia. "Hawatafuti jasho."

Basi Muoki akavaa kabuti chakavu la mjomba wao Nzomo, mchonga vinyago, akashika mkokoteni uliojaa twiga wake wa mbao, mzigo wa soko la Gikomba. Mwongeli akasukuma kwa nyuma, karatasi amezifunga tumboni chini ya leso.

Pale kona kijana mwenye rungu akawasimamisha.

"Niaje, hamali. Hao twiga pia wanagombea?"

Wenzake wakacheka. Mwongeli naye akacheka, kidogo tu.

"Wanaenda Gikomba, kaka."

"Haya. Kidole juu, mpite."

Mwongeli akainua chake. Muoki akabaki vile vile.

"Na huyu?"

"Amekamata mkokoteni. Akiachilia, twiga watakuangukia."

"Mkono mmoja unatosha. Ama amekatazwa na mtu?"

Kicheko kikakatika. Mwongeli aliiona shingo ya kaka yake ikikakamaa. Aliijua shingo hiyo tangu utotoni. Ikikakamaa hivyo, hata fimbo ya baba haikuilegeza. Na ng'ambo ya barabara alisimama Njoki, muuza chapati, ambaye hakuna mteja aliyekula kwake bila kusimuliwa habari ya mkono mfukoni.

Kijana akalihamisha rungu mkono wa kulia.

"Baba Mumo," Mwongeli akaita, akijifanya mke aliyechoka na mumewe, "watu wanatungoja."

Muoki akainua kidole. Kilipanda polepole, kama ndoo itokayo kwenye kisima kirefu.

Wakapita.

Karatasi zikapokelewa. Nje ya ukumbi watu wakamlaki kwa vidole viwili vya upinzani, wakiliimba jina lake. Njoki akapenya katikati yao mpaka mbele yake.

"Nimekuona pale kona."

Wimbo ukafifia.

"Basi waambie, mama," Muoki akasema. "Wasikie kwako kwanza, kabla hawajasikia kwa wale vijana wa rungu."

Njoki akajipangusa unga mikononi.

"Nitawaambia. Nitasema uliinua ukiwa umefumba macho."

"Sikufumba."

Hakuna aliyeimba tena. Kisha Njoki akainua vidole vyake viwili, bila kutabasamu, akaenda zake. Mwongeli akainama, akashika mkokoteni. Twiga walikuwa bado hawajafika Gikomba.