Bastola Ndogo kwa Mikono ya Verlene

Dada yangu Verlene alikata kuku kiwandani miaka thelathini na moja, na mikono yake ndiyo iliyolipa. Vidole vyote vimepindia upande mmoja, utadhani vimeitwa na mtu. Chupa ya achari hawezi kuifungua; huiweka mezani ikanisubiri mimi nije. Lakini bustani analima, gari anaendesha, na mkate wake wa mahindi ni mtamu kuliko wangu, jambo ambalo sipendi kulisema.

Aliyeanzisha habari yote hii ni mwanawe, Royce. Ana miaka hamsini na minne, ni shemasi wa kanisa, na ana bunduki nyingi kuliko soksi safi. Mwezi wa tatu mtu mmoja aliingia banda la jirani yake Verlene akaiba mashine ya kukatia majani. Mashine yenyewe ilikuwa mbovu, na sisi wengine tulimhurumia mwizi. Royce hakumhurumia. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akala vipande vinne vya kuku wa kukaanga na bakuli zima la bamia, akajifuta mdomo, kisha akatutangazia kwamba mama yake hawezi kuendelea kukaa peke yake kule shambani mikono mitupu. Ama ajifunze bastola, ama ahamie nyumba ya wazee kule mjini.

"Sikulazimishi, Mama," alisema. "Ukiweza kuijaza risasi mwenyewe, ukaikoki mwenyewe, ukapiga karatasi mara tano kwa umbali wa hatua saba, sitataja tena habari ya kuhama. Nasema mbele ya mama mdogo, na mbele ya mchungaji."

Mama mdogo ni mimi, Oleta. Mchungaji alikuwa na paja la kuku mdomoni, akaitikia kwa kichwa. Huku kwetu Oklahoma ya mashariki, neno lililosemwa mbele ya mchungaji na kuku wa Jumapili ni zito kuliko hati ya mahakama. Watu wametengana na wake zao wakarudi, wameuza mashamba wakayakomboa, lakini neno la mezani hawalirudishi.

Jumanne Verlene alinipigia simu, sauti yake ya kawaida kabisa, akaniambia kwamba wale watu wa nyumba ya wazee walikuwa wamempigia asubuhi kumuuliza anapenda mapazia ya njano au ya kijani. Royce alikuwa ameshamwandikisha wiki mbili kabla ya ile Jumapili. Chumba kilikuwa tayari na jina lake mlangoni.

Nilitukana tusi ambalo sikujua kama bado ninalikumbuka. Nikamwambia nakwenda kwa Royce sasa hivi, na ushemasi wake nitauvua hadharani.

"Usiende," Verlene alisema. "Ukimgombeza atalia. Akilia nitamwonea huruma, na nikimwonea huruma nitajikuta nimeshahama. Neno alilolisema linatosha. Jumamosi twende naye duka la silaha."

Nilikasirika na bado nina hasira. Mtoto umemnyonyesha, umemvusha shule kwa pesa za mabawa ya kuku, halafu anakutegea mtego mezani kwako huku anatafuna chakula chako. Na mtego wenyewe alikuwa na hakika nao, maana nani asiyeijua mikono ya mama yake?

Duka la silaha liko kando ya barabara kuu. Linauza bunduki, kofia, kahawa chungu, na minyoo ya kuvulia samaki kwenye friji ya nyuma. Kila Jumamosi utawakuta wanaume watano au sita wameegemea kaunta kana kwamba wanalipwa mshahara. Hawanunui kitu. Kazi yao ni kushauri.

Muuzaji anaitwa Duane, tumbo mbele na ndevu juu ya tumbo. Royce alimweleza kwamba anatafuta bastola ya mama yake, mikono yake dhaifu, kwa hiyo wampe kitu kidogo, chepesi. Verlene alikuwa amesimama pale pale, mkoba mkononi, lakini Duane hakumtazama hata mara moja. Alimsikiliza Royce, akaingiza mkono kabatini, akatoa kibastola cha rangi ya waridi kinachoweza kutoshea kwenye mkoba wa poda.

Akasema hicho ndicho wanawake wanachokipenda. Nikamuuliza wanawake gani. Akasema, wanawake tu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mwanamume wa wilaya yetu angepaswa kulijua. Marehemu mume wangu alikuwa akitengeneza silaha za watu gereji, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Bastola ikiwa ndogo, springi yake huwa ngumu, kuikoki ni shida, mshiko wake hauna pa kushika, na ikifyatuka inakurukia mkononi kwa sababu haina uzito wa kuituliza. Kubwa yenye risasi nyembamba inakwenda pole. Lakini wanaume wa hapa wakiona mkono dhaifu wanaleta bastola ndogo, kama mtu anayempa kibogoyo mfupa mdogo akidhani amemfanyia wema. Na mwanamke akishindwa, wanasema ni mambo ya wanawake.

Verlene alikishika. Ili ukikoki unakivuta kile kipande cha juu kirudi nyuma. Alivuta. Kikakaa vile vile. Alivuta tena, vidole vikateleza, ukucha ukakatika. Washauri wakaamka. Mmoja akasema avae glavu ya mpira. Mwingine akasema ni suala la mazoezi. Wa tatu akasema mke wake anacho kama hicho na anakipenda sana. Mke wake namjua, amekifungia kwenye droo ya unga na hajakigusa tangu siku ya harusi ya binti yao.

Duane akaleta kingine, cha mzunguko, kile ambacho hakikokiwi, unabana tu kifyatulio. Chepesi kama sanduku la kiberiti. Alikihakikisha kitupu, akampa. Verlene akabana kwa kidole kimoja, halafu kwa viwili. Mishipa ya shingo ilimtoka. Kifyatulio hakikufika hata nusu ya safari.

"Kidogo zaidi ya hiki hakuna?" Royce aliuliza.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa ametia mikono mfukoni, uso ameukunja kwa huzuni, ule uso anaouvaa anapopitisha sahani ya sadaka. Huyu mtu anabadilisha springi za bastola sebuleni kwake kwa burudani. Duane alikuwa mjinga tu, na ujinga wake nausamehe. Royce alikuwa anajua anachokifanya. Nikafungua mdomo niseme, na Verlene akanikanyaga mguu.

Kule nyuma kwenye friji ya minyoo kulikuwa na mama mmoja anayeandika leseni za kuvua samaki, anaitwa Wanetta. Ana miaka sitini na kitu, na viganja vyake vyote viwili amevifunga bandeji ya kuvuta. Alikuwa ametusikiliza muda mrefu. Akafunga daftari lake, akaja taratibu, akapita katikati ya washauri bila kuwaomba njia.

"Bibie, hebu nipe mikono yako," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie mtu kuitaka hiyo mikono. Wanetta akaishika, akaigeuza, akamwambia amfinye vidole kwa nguvu zake zote. Verlene akafinya.

"Ulikuwa kiwanda cha kuku?"

"Kuku. Miaka thelathini na moja."

"Kitengo gani?"

"Mabawa."

"Mimi mapaja, miaka kumi na tisa," Wanetta alisema. "Basi nguvu unazo. Hawa wanakutafutia kwenye vidole, na vidole wewe ulishaviacha kiwandani. Nguvu zako ziko kiganjani na begani."

Akaenda kwenye kabati la bastola za kukodisha, zile ambazo watu hufanyia mazoezi uwanjani nyuma ya duka, akarudi na kitu kikubwa, cheusi, kizito, kibaya kama spana ya fundi bomba. Kinatumia risasi nyembamba kama penseli. Washauri walicheka sana. Mmoja alisema hata kindi akipigwa na hiyo atakufa kwa kicheko tu. Duane akasema kwa heshima ya duka hawezi kumshauri mtu ajilinde na hiyo. Royce akasema, jamani, tuwe watu wazima.

"Royce," nilimwambia, "sharti lako lilitaja unene wa risasi?"

Alinitazama kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Akasema halikutaja.

Wanetta alimfundisha Verlene palepale, bastola ikiwa tupu. Akamwambia asivute kabisa. Afunike sehemu ya juu kwa kiganja chote cha kushoto, aibane kifuani kwa ubavu, isitikisike, halafu mkono wa kulia ndio usukume mbele.

"Bawa ulikuwa unalitoaje?" alimuuliza. "Ulikuwa unalivuta?"

"Thubutu. Ukivuta unaumia siku ya kwanza," Verlene alisema. "Unamshikilia kuku, unasukuma kiungo."

"Haya. Huyu ndiye kuku wako."

Verlene akashikilia, akasukuma. Klak. Ikakoki kama mlango uliotiwa mafuta. Akarudia mara kumi, na kila mara klak, na kadiri klak zilivyozidi, washauri mmoja mmoja walikumbuka wana shughuli kwingine. Kujaza risasi nako kulikuwa na njia yake: magazini ya bastola ile, kile kikasha kinachobeba risasi, ina kitufe ubavuni, ukikikandamiza springi inashuka na risasi zinaingia zenyewe. Kidole gumba kilikataa kukandamiza, akakiegemeza kitufe kwenye ukingo wa kaunta akasukuma kwa bega. Hakuna aliyemsaidia, niliangalia kwa macho yangu ili baadaye pasiwe na maneno.

Tukaenda uwanjani nyuma ya duka, Duane naye akatufuata. Kulikuwa na jua na upepo wa vumbi, na karatasi ya shabaha ilikuwa inapepea kwenye fremu yake hatua saba mbele. Wanetta alimvalisha vizuia sauti masikioni, akakaa ubavuni kwake. Kabla hajaanza, Royce alisogea, akavisogeza vile vizuia sauti kidogo, akamsemesha kwa ile sauti ya kubembelezea wagonjwa.

"Mama, si aibu kuacha. Kule nako kuna bustani. Kuna watu wa rika lako."

"Najua," Verlene alisema. "Walinipigia kuniuliza rangi ya mapazia."

Royce alibadilika rangi kuanzia shingoni kwenda juu. Verlene alikuwa ameshavirudisha vizuia sauti na kugeukia mbele.

Risasi ya kwanza ilikata ukingo wa chini. Ya pili ikaingia ndani vizuri. Alishusha mikono, akapumzika, na moyo wangu mimi ulikuwa unakwenda mbio kuliko wakati wa kujifungua. Nilikuwa naiona nyumba yake: ile veranda, ule mlango wa jikoni usiofungika vizuri, kitanda alichofia shemeji, mume wake. Yote yalikuwa yananing'inia kwenye matundu matatu yaliyobaki kutobolewa kwenye karatasi. Ya tatu ikaingia. Ya nne ikaingia. Kwa ya tano alikawia mno, nikadhani mikono imegoma, nikaanza kusali kwa maneno yasiyofaa kanisani. Akapiga.

Ilikuwa kwenye pembe, juu kabisa, lakini ilikuwa ndani. Royce alisema ile ya pembeni haihesabiki sana. Wanetta akasema karatasi ni karatasi. Nami nikasema nampigia mchungaji simu sasa hivi, aamue yeye, na nikatoa simu kweli. Royce akainua mikono akasema hapana haja.

Kwa haki yake, hakununa muda mrefu. Nadhani kulikuwa na sehemu yake iliyofurahi, ile sehemu ndogo ambayo bado ni mtoto wa Verlene. Akatoa pochi, akamwambia Duane aifunge ile bastola nyeusi, na masanduku mawili ya risasi, na kabati dogo la chuma la kuihifadhia. Duane, ambaye dakika ishirini nyuma heshima ya duka ilikuwa haimruhusu, alianza kuandika.

Verlene alihakikisha bastola ni tupu, akailaza kwenye meza ya uwanjani ikielekea shabaha, akamshukuru Wanetta kwa jina. Kisha akachukua mkoba wake.

"Siitaki," alisema.

Royce hakuelewa. Alimwambia ameshinda, mambo yameisha, hakuna tena habari ya kuhama. Hii sasa ni yake; yeye Royce analipa, kisha waende wakale.

"Ulisema niweze," Verlene alisema. "Nimeweza. Hukusema niwe nayo."

"Mama, lakini mwizi akija? Mwizi akija na huna kitu chochote, itakuwaje?"

Alikuwa anauliza kweli safari hii, pochi iko wazi mkononi. Verlene alimtengenezea kola ya shati, kama alivyokuwa akimfanyia kabla ya shule, na vile vidole vyake vilichukua muda.

"Atanikuta nyumbani kwangu," alisema.