Baba Alichora Jiko

Nabii hakubaliki kwao, na fundi umeme ndiyo kabisa. Nimetandaza waya kwenye nyumba kumi na moja za watu baki na zote bado zimesimama, lakini jiko la mama yangu lilipovunjwa lijengwe upya, baba akasema atamwita rafiki yake, mzee tunayemwita Cheche. Jina hilo hakupewa kwa uchangamfu.

"Wewe ni mwanangu," baba alisema. "Ukikosea, nitamlalamikia nani?"

Niliomba siku moja. Mama asipouridhia mpango wangu hadi jioni, Cheche aje na koleo zake, nami nifunge mdomo, adhabu ambayo nyumbani kwetu haijawahi kutekelezeka.

Baba alikuwa ameshachora ramani yake nyuma ya kalenda kuukuu, kwa rula na wino wa rangi mbili. Kwa mtu anayeingia jikoni kuuliza tu kama chakula kimeiva, alijitahidi. Jiko la umeme katikati ya ukuta, sinki kushoto kwake, soketi zote kulia, na kila kitu kwenye laini moja. Nilimweleza kwamba jiko hula umeme kama mgeni ambaye hajakabidhiwa jembe, kwa hiyo lipewe laini yake peke yake, waya mnene na breka yake. Soketi nazo zipate breka ile inayokata umeme mara tu unapovuja, kabla haujamrusha mtu. Tena zikae mbali na sinki, kwani maji na umeme ni wake wenza: wakivaana, anayeumia ni aliyesimama katikati.

Akanijibu kuwa za kwake ziko mbali na sinki, akapima na rula nione. Alikuwa sahihi, na hakuificha furaha yake.

Ila mimi sianzi na karatasi, naanza na mpishi. Nilifagia vifusi, nikaihamishia ramani ya baba sakafuni kwa chaki, kisha nikamwomba mama apike.

"Nipike nini, na hakuna hata sufuria?"

"Chai, mama. Baba ana kiu."

Mama alicheka, akafunga kitambaa kiunoni. Akafungua friji ya hewa, akajaza birika la hewa, akaligeukia jiko. Mkono wenye birika ukaenda kutafuta soketi upande wa kushoto. Nikatia alama ukutani. Nikamwambia asage nyanya. Blenda nayo ikaenda kushoto.

Baba akamkumbusha kwamba soketi ziko kulia. Mama akatii, akanyoosha mkono wake wa kushoto hadi kulia, na sote tukaona mahali ambapo waya wa birika ungepita: juu kabisa ya sufuria inayochemka.

"Wewe unatumia kushoto?" baba akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Miaka ishirini na sita nakupakulia kwa mkono huu. Wewe ulikuwa unatazama nyama."

Nilijiziba mdomo, nikashindwa, nikatoka nje kucheka. Niliporudi, baba alikuwa dirishani, ameigeuza kalenda na kuibandika kwenye kioo. Mistari yake ilionekana kwa nyuma: sinki kulia, soketi kushoto. Fundi bomba alikuwa hajalaza hata bomba moja, kwa hiyo kuhamisha sinki kulikuwa kazi ya kufuta chaki.

"Ramani ilikuwa sawa," baba akatangaza. "Mlikuwa mnaisoma upande mbaya."

Mama akasema kazi ni yangu. Baba akampigia simu Cheche, akamweleza kwamba amepata fundi mkali sana, ila ana maneno mengi.

Kisha akakohoa, akaniomba nimwongezee soketi moja karibu na mlango, mbali na maji. Nikamuuliza ya nini.

"Birika. Nitakuwa najichemshia chai mwenyewe."

Mama alininyang'anya chaki, akaichora soketi hiyo yeye mwenyewe, kubwa kama sahani, kabla mumewe hajabadili mawazo.