Mdudu wa Nyumbani

...uchafu, ndilo neno alilolichagua shangazi, kati ya maneno yote aliyokuwa nayo, uchafu, na analitamka polepole kama anamfundisha mtoto kusoma, na wifi kaketi pale kwenye ncha ya kochi, mikono imelala mapajani, mikono ile ile iliyomlisha mama uji kijiko kwa kijiko aliporuhusiwa kurudi nyumbani na kidonda chake cha upasuaji wa nyonga, kabla hajarudishwa wodini, na kaka, mume wa mtu, anaitazama simu yake kana kwamba imeota pembe, na yeye, msomi wa familia, amesimama na birika mkononi anamimina kikombe cha kwanza cha chai. "Mimi simsemi mtu," anasema shangazi, "nasema kidonda," haya, kidonda, tangu lini kidonda kikakaa kwenye kochi kikakodolewa macho na ukoo mzima, na moto wenyewe aliuwasha daktari wa wodi, jana, kando ya kitanda, kwa ile sauti yake ya kutangaza sabuni redioni, mama alitoka hapa salama, huyu mdudu amempatia nyumbani, na shingo zote zikageuka kwa pamoja kumtazama wifi, hata ya mumewe, hasa ya mumewe... nyumbani, nyumbani gani, mdudu anayeicheka dawa ya mwisho, ile ya kufungiwa kabatini, usugu wa namna hiyo hauokotwi kwenye jiko la mtu, unakomaa pale dawa yenyewe inapomiminwa kila siku, wadudu dhaifu wakafa, akabaki yule mmoja mwenye jeni ya kuikata dawa vipande, akazaa, na mahali pa namna hiyo katika mji huu ni hospitali ile tu, na yeye anapajua kwa sababu ndipo anapofanya kazi, ghorofa ya chini, maabara, mlango unaofuata chumba cha kufulia.

"Nawe Profesa, mimina, chai haiogopi mtu," anasema shangazi, na binamu mmoja anacheka, Profesa, siku akitaka kumpaka mafuta humwita Daktari, akitaka kumshusha huwaambia watu kwamba huyu ni daktari asiyejua kupiga sindano, na ni kweli, hajui, anachojua ni kuifungua bakteria na kuisoma herufi kwa herufi, na amewasoma hawa, wa mama na wa wagonjwa wengine wawili wa wodi ile, akayapeleka matokeo kwenye kikao cha hospitali, na mkurugenzi akayatazama kwa ncha ya kalamu, wagonjwa watatu, bakteria watatu, kila mmoja na aina yake na jina lake, sasa mlipuko uko wapi, dada yangu, akiita dada yangu ujue anakufukuza kistaarabu, na wote mezani wakatikisa vichwa kukubali, watu wenye shahada ukutani wakahesabu majina kama karani wa sensa, majina, kana kwamba jeni inauliza jina kabla ya kuingia, wakati inasafiri kwenye kipete kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa jirani yake, hata jirani asiye wa kabila lake, shika na wewe, utaokoka, na kipete cha wote watatu ni kimoja, mpaka kosa la herufi moja mahali pale pale, mtu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani anajua maana yake, majibu sawa huenda ni bahati, ila kosa sawa ni kunakili, na cha nne alikikuta kwenye bomba la sinki la wodi, na kosa lake vilevile, akasema hivyo kikaoni, polepole, kwa Kiswahili cha mtoto wa shule ya msingi, na daktari wa wodi akatabasamu, eti sinki halipasui mgonjwa.

"Kwa hiyo kuanzia leo," anasema shangazi, na hapo sauti inashuka, inakuwa ya hukumu, "huyu asikanyage wodini, nitakaa mimi na mama yenu," na wifi ananyanyua uso kwa mara ya kwanza, "Mama hali kwa mkono wa mtu mwingine, shangazi," "Atakula, njaa haina adabu," "Jana nilichelewa kidogo tu, nikakuta chakula hakijaguswa," "Nawe mtetee mkeo basi," kaka anaambiwa, na kaka anasema, "Tusubiri kwanza," asubiri nini, ndama azae, na yeye hapa anaipanga hotuba yake, anaipanga tangu asubuhi, kipete, herufi, kosa, tena ataisema mbele ya wote na aone shangazi atauweka wapi uso wake, na mkurugenzi akisikia kwamba ya kikaoni yametoka nje kazi hana, na liwe liwalo, shangazi atanyamaza, wifi atasafishwa jina, itakuwa tamu, ameshauonja utamu wake... na mama je, hapo mama yuko wapi katika hotuba hii, mama yuko kitanda cha mwisho dirishani, kichwa kimeelekea sinki, kila anayenawa mikono anamrushia matone kwenye mto wa kulalia, kwa sababu yeye aliomba mama ahamishwe, mkurugenzi akasema kumhamisha mgonjwa ni kukiri kwamba kuna mlipuko, na yeye akajibu, sawa mkuu, sawa, kwa mdomo huu huu, akarudi ghorofa ya chini akakasirika vizuri sana, kwa ushahidi, hasira yenye vielelezo, na watu wote wa familia hii, shangazi na uchafu wake, yeye na kipete chake, wanamtafuta wa kumshika, na wakati huo bomba linafunguliwa, maji yanaruka, sasa hivi, mtu ananawa.

Chai imefika nusu ya kikombe, shangazi bado anasema, usafi, malezi, wasichana wa siku hizi, na kaka bado yuko kwenye simu, na ile hotuba imemtoka kichwani yote, herufi na makosa yake, anamtazama wifi, mabega yale yaliyozoea kumgeuza mama bila kumuumiza, na anawaza kitu kimoja tu, kwamba kitanda kile kina magurudumu, breki yake iko upande wa miguu, nzito, inataka mtu wa kuikanyaga na mwingine wa kusukuma, na chumba kilicho mkabala, kisicho na sinki, kiko wazi, na ruhusa haihitajiki kuufungua mlango wake.